Stereo ya Kwanza Sebuleni: Tathmini ya Yamaha A-S301, Spika za Sony SS-CS5 na Sabufa ya Yamaha NS-SW050

Tathmini hii inahusu vifaa vitatu vinavyouzwa kimoja kimoja ambavyo, vikiunganishwa, vinampa mtu stereo yake ya kwanza iliyo kamili nyumbani: amplifaya ya Yamaha A-S301, jozi ya spika za Sony SS-CS5 na sabufa ya Yamaha NS-SW050. Nimevisikiliza katika sebule ya nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam, yenye urefu wa mita tano na upana wa mita nne, kuta za matofali ya saruji, sakafu ya marumaru na madirisha ya aluminiamu, kwa maneno mengine sebule ambayo wakazi wengi wa mijini wanaifahamu. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji aipime kadiri anavyoendelea kusoma. Amplifaya na spika hizi zinastahili fedha yake bila masharti. Sabufa nayo inastahili, lakini kwa sharti kwamba mnunuzi awe tayari kuitafutia mahali pake kwa subira na kuipunguza sauti mpaka msikilizaji ashindwe kuonyesha kwa kidole besi inatokea wapi.

Watu wengi wanaotamani muziki mzuri nyumbani huanzia kwenye zile seti zilizofungwa pamoja, ambazo zimejaa Kariakoo na kwenye maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi: boksi kubwa la besi lenye taa za rangi, spika ndogo mbili au tatu, rimoti, redio na tundu la kuchomeka flashi. Sizidharau hata kidogo, kwa sababu zimefikisha muziki katika nyumba nyingi kwa bei ambayo familia inaimudu. Hata hivyo, mnunuzi anastahili kuelezwa ukweli kuhusu namba zinazoandikwa kwenye maboksi hayo. Boksi likitangaza wati 10,000 za PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa kufikiwa kwa kufumba na kufumbua, namba hiyo haisemi chochote kuhusu nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa mfululizo, na hakuna kanuni moja inayokubalika ya kuipima, hivyo kila mtengenezaji huandika anachotaka. Ushahidi uko ukutani: soketi ya kawaida ya ampea 13, kwenye umeme wa volti 230, haiwezi kutoa zaidi ya takriban wati 3,000, na kifaa chochote hakiwezi kutoa nguvu kubwa kuliko ile inayoingia. Anayetaka kujua ukweli akigeuze kifaa nyuma asome kibandiko kinachotaja matumizi ya umeme, na hapo mara nyingi atakuta namba isiyofika hata mia moja.

Kipimo cha kutafuta ni wati za mfululizo kwa kila chaneli, zikitajwa pamoja na ukinzani wa spika katika omu, masafa yaliyopimwa na kiwango cha upotoshaji wa sauti. Kwa kipimo hicho, A-S301 inatoa wati 60 kwa kila chaneli kwenye spika za omu 8, kuanzia hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde, besi ya chini kabisa) hadi hezi 20,000, kwa upotoshaji wa asilimia 0.019. Kwa aliyezoea kusoma maelfu, wati 60 zinaonekana haba, na ndiyo maana hesabu yake inafaa kuelezwa. Spika za SS-CS5 zina usikivu wa desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), maana yake zikipewa takriban wati moja tu, mtu aliyesimama mita moja mbele yake anapata sauti ya desibeli 87, ilhali mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa karibu na desibeli 60. Kila unapoongeza nguvu mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3. Kutoka wati 1 hadi wati 64 ni hatua sita za namna hiyo, nazo huongeza desibeli 18. Kwa hiyo katika sebule ya kawaida, mtu anayesikiliza kwa kiwango cha kistaarabu anatumia wati moja au mbili kwa sehemu kubwa ya wimbo, na zilizobaki zinasubiri pigo la ngoma au sauti ya ghafla ya tarumbeta. Akiba hiyo ndiyo inayofanya muziki usikike umetulia hata unapopanda.

Amplifaya yenyewe ina uzito wa kilo 9, na sehemu kubwa ya uzito huo ni transfoma na vipoza joto, vitu ambavyo mtengenezaji anayebana gharama huvipunguza kwanza. Nyuma ina milango ya kutosha: ya kuingizia muziki kwa waya wa kawaida wa RCA, mlango wa santuri kwa aliyerithi sahani za zamani, milango miwili ya kidijitali, mmoja wa optiko na mwingine wa koaksia, na mlango wa kutolea sauti kwenda kwenye sabufa. Mlango huu wa mwisho ndio ulionifanya niichague. Zipo amplifaya na risiva za stereo zinazouzwa kwa bei ya chini ambazo hazina kabisa mlango wa sabufa, na mnunuzi asiyejua hugundua jambo hilo akiwa ameshabeba sabufa nyumbani. Kinachokosekana kwenye A-S301 ni Bluetooth ya ndani, mtandao na HDMI. Anayesikiliza kutoka kwenye simu atahitaji kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye mlango wa RCA, kifaa kinachopatikana kwa urahisi na kwa bei ndogo. Binafsi naliona hilo kuwa jambo jema, kwa sababu teknolojia ya kuunganisha simu hubadilika kila baada ya muda mfupi, wakati amplifaya nzuri inaweza kukaa na familia kwa miaka mingi, na ni afadhali kubadilisha kijisanduku cha pembeni kuliko kubadilisha mfumo mzima.

Nitatua kidogo kwenye kitufe kimoja cha kuzungusha, kile kilichoandikwa LOUDNESS, kwa sababu wengi hawakijui na wengine hukitumia vibaya. Sikio la binadamu hupoteza usikivu wa besi haraka kuliko sauti za kati pale sauti inaposhushwa, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima na kulichapisha mwaka 1933. Ndiyo maana muziki uliokuwa umeshiba saa kumi jioni husikika mwembamba saa nne usiku baada ya kupunguzwa kwa ajili ya majirani. Kwenye amplifaya hii, njia sahihi ni kupandisha sauti kwanza hadi kiwango cha juu kabisa unachosikilizia, halafu kushusha sauti kwa kutumia kitufe hicho badala ya kile cha kawaida. Chenyewe hupunguza sauti za kati zaidi na kuacha besi na sauti za juu zikiwa na uwiano unaofaa sikio. Kwa mtu anayeishi kwenye nyumba yenye korido ya pamoja au kwenye ghorofa, ambako ukuta mmoja unagawanywa na familia mbili, kitufe hiki kina thamani kubwa kuliko wati zote.

Spika za SS-CS5 ni za kuweka juu ya stendi au rafu, zenye kimo cha sentimita 33.5, na kila moja ina vitoa sauti vitatu: wufa ya sentimita 13 kwa besi na sauti za kati, twita ya milimita 25 kwa sauti za juu na twita nyingine ndogo ya milimita 19 kwa ajili ya masafa ya juu kabisa. Ukinzani wake ni omu 6. Sauti ya mwimbaji ndiyo inayozipa sifa. Katika taarabu ya okestra, ambapo fidla kadhaa hupiga pamoja nyuma ya mwimbaji na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikidondosha nota zake katikati, spika dhaifu huzichanganya zote kuwa ukuta mmoja wa kelele. Spika hizi huziacha kila moja mahali pake, na pumzi ya mwimbaji kabla ya mstari inasikika bila kutiwa chumvi. Katika muziki wa dansi, gita la ridhimu na gita la solo vinatengana vizuri hivi kwamba mtu anaweza kufuata kimoja kwa wimbo mzima kisha akarudia wimbo kwa ajili ya kile kingine, na hiyo kwangu ndiyo sababu hasa ya mtu kununua stereo. Rekodi za zamani zilizofanywa kwa mono nazo hazipotezi kitu: zikichezwa kwenye spika mbili zilizopangwa sawasawa, bendi nzima husimama katikati ya spika hizo.

Kikomo chake kiko chini. Mtengenezaji anataja masafa kuanzia hezi 53. Nota ya chini kabisa ya gita la besi la nyuzi nne, pamoja na ya kontrabasi, iko karibu na hezi 41, na teke la ngoma kubwa na besi za kompyuta za Bongo Fleva na singeli huweza kushuka chini ya hapo. Pengo kati ya hezi 41 na hezi 53 linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini ndani yake zimo nota kadhaa ambazo mpiga besi huzitumia kila wakati kuusimamisha wimbo. NS-SW050, yenye wufa ya sentimita 20, inatajwa kufika hezi 28 na kuendelea hadi hezi 200. Kazi yake katika mfumo huu ni kuanzia pale spika zinapochoka kwenda chini, na hakuna kazi nyingine. Anayeinunua ili besi iongezeke kila mahali anakosea lengo, na atakachopata ni uvimbe unaofunika nusu ya muziki.

Kabla ya kuiweka sabufa, spika ziwekwe kwanza na zisikilizwe peke yake kwa muda wa kutosha mpaka sikio lizizoee. Utaratibu unaojulikana ni wa pembetatu: umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kwa msikilizaji. Kwenye sebule yangu umbali huo ni kama mita mbili na robo. Twita zinatakiwa ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, na kwa makochi yetu hiyo ni kama sentimita 90 kutoka sakafuni, hivyo stendi ya sentimita 60 hadi 65 inafaa. Hakuna ulazima wa kuagiza stendi kutoka nje. Seremala yeyote mzuri anaweza kuzitengeneza kwa mninga au mkongo, mradi ziwe nzito, zisiyumbe na zisiwe na uwazi unaovuma. Kwa kuwa spika hizi zina tundu la kupumulia nyuma, zisibanwe ukutani. Nafasi ya sentimita 25 hadi 30 inatosha kuzipa uhuru bila kuziweka katikati ya njia ya watoto. Kuziingiza ndani ya kabati la televisheni, jambo linalofanywa sana kwa ajili ya mpangilio wa nyumba, huharibu karibu kila kitu kilicholipiwa.

Sasa nije kwenye chumba, ambako ndiko mafanikio au hasara ya sabufa inakoamuliwa. Sauti husafiri kwa takriban mita 349 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 30. Katika sebule yenye urefu wa mita tano, mawimbi ya karibu hezi 35 hujirudia kati ya kuta mbili kwa namna ya kujiimarisha, kwa sababu nusu ya urefu wa wimbi inalingana na urefu wa chumba. Kwa upana wa mita nne, hali hiyo hutokea karibu na hezi 44. Nota ya F ya chini kwenye gita la besi iko takriban hapo hapo, hezi 44, huku nota ya G iliyo juu yake ikiwa karibu hezi 49. Matokeo yake yanasikika wazi: mpiga besi anapiga nota mbili kwa nguvu ileile, lakini chumba kinaivimbisha moja na kuiacha nyingine bila msaada wowote. Wengi huilaumu sabufa kwa jambo hili, huirudisha dukani na kuchukua kubwa zaidi, ambayo hufanya vilevile kwa sauti ya juu zaidi. Kuta za saruji na sakafu ya marumaru huzidisha hali hiyo kwa sababu hazinyonyi karibu chochote. Ukipiga kofi katikati ya chumba kisicho na vitu, utasikia mlio unaotetema hewani kabla ya kufa.

Zulia nene kati ya spika na msikilizaji, mapazia mazito na kochi la kitambaa hutuliza sauti za kati na za juu, na tofauti yake ni kubwa kiasi kwamba ningemshauri mtu anunue zulia kabla ya kununua sabufa. Mkeka wa ukindu ni mwembamba mno kwa kazi hiyo. Lakini zulia halifanyi chochote kwa besi ya hezi 40, ambayo wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita nane. Dawa ya besi ni mahali: mahali pa sabufa na mahali pa msikilizaji. Kwenye kona sabufa husikika kubwa kuliko popote, kwa sababu kona huamsha mivumo yote ya chumba kwa pamoja, na kwa sababu hiyohiyo kona ndiyo mahali pabaya zaidi kwa anayetaka nota zilizo sawa. Kwa upande wa msikilizaji, kochi lililobandikwa kwenye ukuta wa nyuma linamweka pale ambapo besi hujazana, na kochi lililo katikati kabisa ya urefu wa chumba linamweka pale ambapo mvumo wa hezi 35 hutoweka. Kulisogeza kochi sentimita 80 kutoka ukutani kulinipa mabadiliko makubwa kuliko kitufe chochote.

Njia ya kupata mahali pa sabufa ni ya kazi kidogo, lakini haina mbadala kwa asiye na vipimo vya maabara. Unaiweka sabufa yenyewe pale unapokaa wewe, juu ya kochi ikibidi, unacheza wimbo ambao besi yake hupanda na kushuka nota kwa nota, kisha unatambaa kando ya kuta kichwa kikiwa karibu na sakafu ukisikiliza. Kuna sehemu ambapo nota mbili zinavuma na nyingine zinapotea. Kuna sehemu ambapo zote zinafuatana kwa uzito unaokaribiana. Mahali hapo pa mwisho ndipo sabufa inapokwenda kukaa. Kwangu palikuwa kwenye ukuta wa mbele, theluthi moja ya upana kutoka kwenye kona. Anayetaka kuhakikisha zaidi atumie programu ya simu inayotoa toni safi na kuzipitisha kwenye mfumo kuanzia hezi 30 hadi hezi 120, akiangalia ni wapi sauti inaruka au inazama.

Baada ya mahali, yanabaki marekebisho mawili kwenye sabufa yenyewe, kikomo cha masafa ya juu na kiwango cha sauti. Kwa kuwa spika zinafika hezi 53 na ukaribu wa ukuta unazisaidia kidogo, niliweka kikomo karibu na hezi 60. Kadiri kikomo kinavyopandishwa kuelekea hezi 100 na zaidi, ndivyo sikio linavyoanza kutambua sabufa iko upande gani, na ndivyo sauti za wanaume zinavyoanza kuchafuka. Kipimo changu cha kiwango ni taarifa ya habari ikisomwa na mwanamume. Sauti yake ya kawaida huanzia karibu hezi 85, hivyo sabufa iliyorekebishwa vizuri haitakiwi kumgusa: ukiiwasha na kuizima, msomaji asibadilike. Akianza kunguruma kama aliye ndani ya pipa, punguza. Kwa mwenye sabufa yenye swichi ya fezi, inayogeuza mwelekeo wa mawimbi ya sabufa, ajaribu hali zote mbili akiwa amekaa mahali pake pa kawaida na achague ile inayotoa besi iliyoshiba zaidi kwenye eneo ambapo spika na sabufa zinakutana. Hali ile nyingine maana yake vifaa hivyo vinafutana.

Jambo moja la kiufundi lieleweke kabla ya fedha kutoka. Mlango wa sabufa wa A-S301 hauziondolei spika besi; spika zinaendelea kupokea masafa yote, na sabufa inaongezewa tu chini yake. Kwa usikilizaji wa nyumbani hakuna tatizo, lakini mtu anayetaka kuendesha sherehe ya ukumbini asitarajie kwamba sabufa itazibebea mzigo koni za sentimita 13. Vivyo hivyo, wufa moja ya sentimita 20 ina mipaka ya kimaumbile, na hezi 28 zilizotajwa kwenye karatasi hazitasikika kwa nguvu ileile kama hezi 45. Katika sebule ya mita za mraba 20 inatosha. Katika sebule iliyoungana na jiko na chumba cha kulia bila ukuta, itahitajika sabufa kubwa zaidi.

Kuhusu waya sina mengi. Shaba tupu ya milimita za mraba 1.5 inatosha kwa mita nne, ya 2.5 inatosha kwa nyumba nzima, na hakuna sababu ya kulipia zaidi. Cha kuangalia ni waya wa aluminiamu uliofunikwa kwa tabaka jembamba la shaba, ambao huuzwa kwa jina la shaba. Ukikwangua uzi wake kwa kisu, weupe hujitokeza. Chanya iende kwenye chanya na hasi kwenye hasi kwa spika zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, besi hunywea na sauti ya mwimbaji husambaa badala ya kusimama katikati, na wapo watu wanaoishi na kasoro hiyo kwa miaka wakidhani spika ni mbovu.

Umeme ni suala zito zaidi. Vifaa vya Yamaha hutengenezwa kwa matoleo tofauti kulingana na soko, na toleo la Marekani ni la volti 120, lile la Japani ni la volti 100. Kifaa cha namna hiyo kikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya huungua hapohapo, na bei nafuu iliyomvutia mnunuzi mtandaoni inakuwa hasara kamili. Maandishi ya nyuma yasomwe kabla ya kulipa. Yanayotakiwa ni volti 230, hezi 50. Hata kwa toleo sahihi, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huhitaji kinga, na kigadi kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita, kama kile cha friji, ni matumizi mazuri ya fedha ndogo.

Wanaounganisha televisheni kwa waya wa optiko hukutana mara nyingi na ukimya au mkwaruzo, wakadhani mlango umekufa. Sababu ni kwamba amplifaya ya stereo kama hii hupokea mawimbi ya PCM pekee, yaani sauti ya kidijitali ya kawaida isiyobanwa, wakati televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kutuma sauti ya mzingo (surround), ya spika nyingi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni, chagua PCM, na tatizo linaisha.

Kwa mwenye bajeti ndogo zaidi, vipo vifaa vilivyotumika kutoka Uingereza, ambavyo tayari ni vya volti 230 na huuzwa sana Nairobi na kwa kiasi fulani Dar es Salaam. Kwenye amplifaya unaweza kupata kitu bora kuliko kipya cha bei ileile. Kwenye spika, uvue wavu na uiguse kwa upole pete inayozunguka koni. Pete ya sponji hulika kwa umri na kwa unyevunyevu wa pwani, na ikiachia vumbi kidoleni, spika hiyo iache, hata ikisikika vizuri pale dukani. Pete ya mpira huvumilia zaidi. Vituo vya kufungia waya navyo viangaliwe kutu, hasa kwa kifaa kilichokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar karibu na bahari.

Mpangilio wa ununuzi ninaoupendekeza ni amplifaya na spika kwa pamoja, kisha stendi na zulia, na sabufa mwishoni, baada ya miezi kadhaa ya kusikiliza bila hiyo. Kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, ambako spika zikiwa karibu na ukuta tayari hutoa besi ya kutosha, sabufa isinunuliwe kabisa na fedha yake iongezwe kwenye spika kubwa kidogo. Kwenye sebule kama yangu, nikiizima sabufa sasa hivi muziki wa dansi unabaki mzuri, mwimbaji habadiliki na magita yanabaki pale pale, ila mpiga besi anapoishusha nota yake ya chini kabisa kabla ya kiitikio, nota hiyo inapungua nusu. Kwa ajili ya nota hizo chache, nimeona inafaa kuibakiza.